Wito na Ajira: Mkristo Anayebadili Kazi katika Nyanda za Juu Kusini

1. Utangulizi

Katika sharika zetu za Mbeya na Iringa, mchungaji hufikiwa mara kwa mara na mtu ambaye ajira yake imekwisha. Pengine ni fundi aliyepunguzwa karakanani, au karani ambaye shirika lake limeuzwa. Pengine ni mwalimu ambaye bado anapokea mshahara, lakini amechoka moyoni na anatamani kuanza shughuli nyingine. Swali analolileta lina sehemu mbili. Kwanza anauliza atakula nini na watoto watasomaje. Pili, mara nyingi bila kulisema wazi, anauliza kama Mungu aliyempa kazi ile sasa amemwacha, au kama kuiacha kwa hiari ni kumwasi Mungu aliyemweka pale.

Sehemu ya kwanza tumezoea kuiombea. Sehemu ya pili hatujaifundisha vya kutosha, ingawa Kanisa la Kilutheri lina urithi mkubwa wa mafundisho juu ya wito. Katika makala hii tunakusudia kueleza mambo matatu: jinsi kubadili kazi kulivyo sehemu ya historia ya watu wetu, jinsi mafundisho ya wito yanavyomsaidia anayebadili kazi, na jinsi mchungaji anavyoweza kumwongoza mtu huyo hatua kwa hatua.

2. Jambo lenye historia ndefu

Watu wa nyanda hizi hawakuanza leo kutafuta kazi mpya. Baada ya dhahabu kugunduliwa katika eneo la mto Lupa miaka ya 1920, maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani kwenda Chunya. Wengine walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na wengi kutoka Rungwe walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya nchi iitwayo sasa Zambia, hata Afrika Kusini. Wapo miongoni mwa Wakinga waliogeuza akiba ya ukibarua kuwa mtaji wa biashara, na sifa yao ya ufanyabiashara imeenea nchini kote. Lakini kibarua wa Lupa aliacha shamba nyumbani, na dhahabu ilipofifia alirudi kwenye jembe lake.

Hali ilibadilika baada ya Uhuru. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuza mashirika ya umma, na Reli ya Uhuru, TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mbeya ikapata karakana ya reli, kiwanda cha nguo na kiwanda cha zana za kilimo. Mufindi ikapata kiwanda cha karatasi cha Mgololo katika miaka ya 1980. Kizazi kizima kikajifunza kuishi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi.

Kisha yakaja mageuzi ya uchumi. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1992 iliundwa tume ya kurekebisha mashirika ya umma. Katika miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini nchini. Mashirika mengine yalifungwa, mengine yaliuzwa. Mgololo iliuzwa kwa wawekezaji mwaka 2004. TAZARA nayo ilipungukiwa na shehena, kwa kuwa ubaguzi wa rangi ulipokoma Afrika Kusini mwaka 1994, mizigo ya Zambia ilipata njia huru ya kwenda bandari za kusini, na malori yakashindana na reli.

Aliyepunguzwa wakati huo alipoteza zaidi ya mshahara. Alipoteza nyumba ya shirika, matibabu ya shirika, na hata jina, maana mtaani aliitwa Fulani wa Reli. Jembe aliloliacha miaka 20 iliyopita lilikuwa limeshikwa na ndugu wengine, na shamba limegawanywa. Tusipoielewa hasara hiyo ya jina, faraja yetu kwake itakuwa nyepesi.

3. Kazi, ajira na wito

Yafaa kwanza kuyatenganisha maneno matatu. Kazi ni kila jambo ambalo mtu hulitenda kwa nguvu na akili ili kutunza uhai wake na wa wenzake. Ajira ni mapatano ya kufanya kazi fulani kwa ujira. Wito ni sauti ya Mungu inayomweka mtu mbele ya jirani yake ili amtumikie.

Katika lugha ya kila siku tumeyachanganya. Kijana aliyetoka kupalilia mahindi tangu alfajiri akiulizwa anafanya nini, hujibu kwamba hana kazi, yuko nyumbani tu. Mama anayelea watoto 5 na kuuza maziwa huandikwa hana kazi. Kwa kusema hivyo tumekubali kwamba kisicholipwa mshahara si kazi. Basi ajira ikikoma, mtu huona kwamba kazi imekoma, na kazi ikikoma, huona kwamba wito umekoma. Hapo ndipo kukata tamaa kunapoingia. Mchungaji anayeweza kumwonyesha mtu kwamba kilichovunjika ni mapatano ya ajira, na kwamba bado ni baba, jirani, fundi na Mkristo aliyebatizwa, amempa mahali pa kusimama.

4. Fundisho la Luther na matumizi yake mabaya

Kabla ya Matengenezo, neno wito lilitumika hasa kwa watawa na mapadri. Luther alilipanua. Katika tafsiri yake ya Yoshua bin Sira 11:20–21, palipozungumzwa kazi ya mtu, alitumia neno lile la Kijerumani lenye maana ya wito. Katika sehemu ya Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inayohusu ungamo, mwamini huelekezwa kujichunguza kwa kuangalia nafasi yake: kama ni baba, mama, mwana, bwana au mtumishi. Nafasi hizo ni nyingi kwa mtu mmoja, na nyingi kati yake hazina mshahara.

Hata hivyo fundisho hili limewahi kutumiwa vibaya. Kwa kutaja 1 Wakorintho 7:20, wahubiri wamewaambia watu wabaki walipo, hata penye dhuluma. Lakini wanaosoma mstari huo yawapasa wausome pamoja na ule unaofuata, ambapo Mtume anamtaja mtumwa anayeweza kupata uhuru, na wafasiri wengi humwelewa kuwa anamhimiza autumie. Paulo hasemi kwamba hali ya mtu haibadiliki kamwe. Anasema kwamba thamani ya mtu mbele za Mungu haitegemei hali hiyo, kwa hiyo anaweza kubaki bila aibu na anaweza kuondoka bila hofu.

Maisha ya Luther mwenyewe yanathibitisha hayo. Mwaka 1505 aliacha masomo ya sheria akaingia utawani Erfurt, na miaka mingi baadaye aliacha utawa. Katharina von Bora alitoroka nyumba ya watawa ya Nimbschen wakati wa Pasaka mwaka 1523. Baada ya kufunga ndoa na Luther mwaka 1525 alisimamia nyumba kubwa iliyokuwa ya watawa Wittenberg, akapokea wapangaji, akafuga, akapika pombe ya nyumbani na kulima. Mwanamke aliyelelewa kwa sala za saa maalumu akawa msimamizi wa shamba na hesabu, bila kuacha kumtumikia Mungu yule yule.

Tena Wanamatengenezo hawakuishia kuhubiri. Watawa walipofika Wittenberg bila makao, Luther aliwatafutia ndugu wa kuwapokea, ndoa au kazi. Mwaka huo huo wa 1523 mji wa Leisnig ulianzisha sanduku la jamii, na Luther akaandika dibaji ya utaratibu wake. Sanduku hilo lilisaidia maskini, na pia liliwakopesha mafundi waliohitaji kuanza. Katika dibaji Luther alishauri kwamba wanaotoka utawani wapewe kitu cha kuanzia maisha. Tunaona hapa kanuni kubwa: Kanisa linalomwambia mtu kwamba yuko huru kubadili kazi lina wajibu wa kumsindikiza.

5. Namna ya kumsindikiza

Mfano wa wakili dhalimu katika Luka 16:1–8 hutupa mwanga. Bwana Yesu hasifu wizi wake, ila busara yake. Mtu yule, alipojua kwamba anaondolewa, alitulia akajiuliza afanye nini. Akakiri yale asiyoyaweza. Kisha akawakumbuka watu wanaomfahamu. Kutoka hapo tunapendekeza hatua tano.

Kwanza, apewe nafasi ya kuomboleza. Anayehimizwa siku ya pili kushukuru kwa kila jambo hujifunza kumficha mchungaji wake huzuni.

Pili, ajue haki zake kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ilipotungwa, ilimtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nao. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi isipungue siku 28. Aliyetimiza mwaka mmoja alipewa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10, pamoja na cheti cha utumishi. Anayelalamikia kuachishwa isivyo halali hufungua shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Wengi wamepoteza haki kwa kungoja hadi muda ukapita.

Tatu, fedha ya kiinua mgongo isikimbiliwe. Baada ya upunguzaji wa miaka ya 1990 walionekana wengi walionunua gari kuukuu la abiria au kufungua duka lililofanana na maduka 10 ya jirani. Hata kilimo chetu kina majira yake. Parachichi za Rungwe na Njombe zina soko, lakini mche huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Miti ya mbao ya Mufindi huhitaji zaidi ya muongo mmoja. Hiyo ni akiba njema, lakini si jibu kwa anayedaiwa ada mwezi ujao. Mchungaji amsaidie kupanga vitu viwili: chakula cha mwaka huu na mradi wa miaka ijayo.

Nne, ahesabu ujuzi badala ya vyeo. Aliyekuwa mtunza ghala anajua hesabu, uaminifu wa mali na kuongoza watu. Huo ni ujuzi unaohitajika penye chama cha akiba na mikopo, hospitali au ghala la mazao. Fundi asiye na cheti anaweza kwenda VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na yenye vyuo Mbeya na Iringa, ambako ujuzi uliopatikana kazini hupimwa na kutambuliwa. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, hufundisha na kushauri wenye viwanda vidogo.

Tano, ajaribu kabla ya kuhama. Mwalimu anayetaka kuwa mfugaji na aanze na kuku wachache huku akifundisha. Ajiulize maswali matatu: Je, jirani anaihitaji kazi hii? Je, ninaiweza, au ninaweza kujifunza? Je, mwenzangu wa ndoa amekubali kubeba mzigo wa miaka ya kwanza? Penye majibu matatu ya ndiyo, kuridhika huwa karibu, hata kama kipato ni kidogo kuliko cha awali.

6. Wanaobadili kazi ili waingie katika huduma

Neno hili latuhusu sisi wa vyuo moja kwa moja. Baadhi ya wanaoomba nafasi ya uinjilisti au uchungaji ni watu wazima waliokuwa na ajira nyingine. Wapo wanaoshuku kwamba wanafuata mkate tu. Tusiwe wepesi wa kuhukumu, maana Mathayo alitoka forodhani, Amosi kwenye mifugo na mikuyu, na Paulo hakuacha kushona hema.

Lakini tusiwe wepesi wa kupokea vilevile. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 14, hufundisha kwamba asihubiri hadharani wala kutoa sakramenti yeyote asiyeitwa kwa utaratibu. Msukumo wa ndani hauna budi kuthibitishwa na wito wa nje wa Kanisa. Usharika uulizwe: Je, mtu huyu alifundisha watoto, alitembelea wagonjwa, alipatanisha majirani, wakati bado alikuwa na mshahara? Aliyetumika bila ujira akiwa na ajira hatupi shaka kubwa akija bila ajira. Asiyewahi kutumika aombwe kwanza atumike. Na akikataliwa, aambiwe wazi kwamba hakunyimwa wito wake wa ubatizo. Kuna ufundi, biashara na kilimo ambamo jirani anamngoja.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba ajira huja na kuondoka, kama zilivyofanya dhahabu ya Lupa na mashirika ya Mbeya, na kwamba wito hukaa. Basi, watumishi wenzetu, tunashauri mambo mawili madogo. Katika mafundisho ya kipaimara liwemo somo la kazi, ili watoto wasikue wakidhani kwamba asiye na mshahara hana wito. Na kila usharika uwe na wazee wawili au watatu wenye ujuzi wa sheria, fedha na ufundi, ambao aliyepoteza ajira anaweza kuonana nao katika juma lile lile. Yule wa saa kumi na moja katika Mathayo 20 alisimama sokoni kutwa kwa sababu hakuna aliyemwajiri. Mwenye shamba alitoka tena kumtafuta, na inalipasa Kanisa kutoka pamoja naye.