Kiduha na Mvua Zisizotabirika

Kamati za parokia hutuomba mara kwa mara mbegu za mahindi zinazostahimili ukame. Ombi hilo ni la haki. Lakini mbegu peke yake haitoshi pale shamba linapokuwa na kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalosumbua wakulima wa magharibi mwa Kenya na Kanda ya Ziwa, Tanzania.

Kiduha hushika mizizi ya mahindi au mtama na kunyonya maji na chakula. Madhara huanza chini ya ardhi, kabla mkulima hajaliona gugu lenyewe. Mmea mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza tatizo. Mvua zikikatika mapema, mahindi yaliyonyonywa hayawezi kuhimili. Mvua kubwa za ghafla husomba rutuba, na kiduha hupenda udongo uliochoka. Maji hayo hubeba pia mbegu zake, ndogo kama vumbi, hadi shamba la jirani.

Tufanye nini? Tung'oe kiduha kabla hakijatoa mbegu. Tuweke samadi. Tupande desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, njia iliyoendelezwa na watafiti wa ICIPE huko Mbita, Kenya, tangu miaka ya 1990. Mizizi yake huzuia kiduha na kurutubisha udongo. Majani yake ni malisho ya ng'ombe.

Basi, tunapopanga bajeti ya mbegu, tutenge na fungu la kuuponya udongo.