Mwembe Mzee Usiuchome Makaa

Mkulima mwenye mwembe usiozaa tena, au mwarobaini ulionenepa kando ya boma, kwa kawaida huwaza mambo mawili tu: makaa au kuni. Liko jambo la tatu, nalo ni kuwauzia gogo wachongaji wa vinyago. Makala haya yaeleza wachongaji hao ni nani, chama chao hufanyaje kazi, na kwa nini siku hizi wanahitaji miti ya shambani.

Kuchonga vinyago vya kuuza kulianza Ukambani baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu katika Machakos, alijifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa vita, akarudi nayo kwao. Wengine waliifuata, na wengi wakahamia Nairobi na Mombasa waliko wanunuzi. Mwaka 1963 wale wa Mombasa walianzisha chama cha ushirika, ambacho mabanda yake yako Changamwe. Wamunyu nako kuna chama.

Mpango wao ni rahisi. Kila mwanachama ana nambari yake. Akimaliza kinyago, nambari hiyo na bei huandikwa juu yake, kisha kinyago huwekwa dukani. Kikiuzwa, chama hukata sehemu ya kulipia duka, taa na karani, na kinachobaki ni cha mchongaji. Tuseme, kwa mfano, kinyago kimeuzwa kwa shilingi 1,000 na chama kimekata 200: mwenyewe atapokea 800. Wako wanaonung'unikia hizo 200. Lakini anayetembeza vinyago vyake ufuoni hukubali bei yoyote jua likianza kutua, maana nyumbani wanangoja unga. Dukani kinyago chaweza kungoja. Tena katika mkutano wa ushirika, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache kila mmoja ana kura moja.

Taabu ilitokea kwenye miti. Wachongaji walipenda sana mpingo na muhugu, ambayo mbao zake ni ngumu na hazioshi kunga'ra zikisuguliwa. Makadirio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kazi hii ilimaliza zaidi ya miti 50,000 kila mwaka katika Kenya. Muhugu hukua polepole mno. Anayeupanda leo hatauchonga yeye, wala pengine mwanawe. Miti minene ikaadimika hata katika misitu kama Arabuko-Sokoke. Ndipo wachongaji wakahimizwa kujaribu mwarobaini, mjakaranda na mwembe, yaani miti ya wakulima.

Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, nao humea Pwani hata penye ukavu. Aliyeupanda akiwa kijana huweza kuukata kabla ya uzee. Lakini kwa hesabu ya mkulima mwenye ekari chache za skimu, mimi naona mwembe ni bora zaidi. Watoto hula maembe, mengine yakauzwa sokoni miaka mingi, na mti ukichoka kuzaa gogo lingali na thamani.

Hitilafu ya mbao hizi ni maji. Kinyago kilichochongwa katika gogo bichi na kufungwa haraka huota ukungu au hupasuka safarini. Mnunuzi wa ng'ambo afunguapo sanduku na kuona ufa kutoka shingo ya twiga hadi kwato, hatauliza ni nambari ya nani. Ataacha kuagiza, na chama kizima kitapata hasara. Kwa hiyo vinyago hukaushwa polepole kivulini, au katika tanuri ya kukaushia mbao, na gogo baya hukataliwa.

Mkulima anayetaka kuuza asikate kwanza. Amtafute mnunuzi, wapatane bei mti ukiwa umesimama. Kinachotakiwa ni shina nene, zima, lisilo na pango wala mchwa. Matawi yatabaki kuwa kuni zako. Mti ukiisha kukatwa, gogo liwekwe kivulini na ncha zake zipakwe rangi au nta, kwa sababu ufa huanzia hapo. Nawe usipakie gari kabla ya kufika ofisi ya misitu kuomba kibali cha kusafirisha. Lori likikutwa njiani bila karatasi, gogo hushikwa, hata ikiwa mti uliupanda kwa mkono wako.