Nuru Nayo Huvutwa

Ukirusha jiwe mbele yako haliendi moja kwa moja. Hupinda na kuanguka, kwa kuwa dunia inalivuta. Jambo hilo halimshangazi hata mtoto mdogo. Lakini ukiwasha kurunzi gizani, utaapa kwamba mwali wake umenyooka kama uzi wa mwashi. Je, nuru haivutwi?

Huvutwa. Ila mbio zake ni kilometa zipatazo 300,000 kwa sekunde, hata hapa duniani jicho haliwezi kuligundua jambo hilo. Panahitajika kitu kizito mno, nacho ni jua. Taabu ni kwamba nyota zinazoelekea ukingoni mwa jua hazionekani, isipokuwa katika zile dakika chache za jua kupatwa kabisa.

Mwaka 1911 Albert Einstein alikokotoa jinsi nuru ya nyota ingepindishwa na jua. Mwaka 1914 wataalamu wa Kijerumani walikwenda Crimea kulipima jambo hilo. Vita vikazuka, wakakamatwa. Hiyo ilikuwa bahati ya Einstein, maana hesabu yake ilikuwa imepata nusu tu ya kiasi cha kweli. Aliisahihisha mwaka 1915.

Nusu iliyosahaulika ilitoka wapi? Chukua shuka, watu wanne washike pembe zake, kisha weka nazi katikati. Shuka litabonyea, na gololi ikipita kando ya nazi itageuza njia. Mfano huu una upungufu wake, lakini unatosha. Einstein alifundisha kwamba jua huibonyeza nafasi yenyewe inayolizunguka. Hivyo nuru huanguka kama jiwe, na juu ya hayo hupita katika nafasi iliyopinda. Hesabu za kale za Newton hutoa sekunde 0.87 za digrii. Za Einstein, 1.75. Digrii moja ina sekunde 3,600. Ni sawa na kuitazama sarafu yenye upana wa sentimeta mbili na nusu kutoka umbali wa kilometa tatu!

Tarehe 29 Mei 1919 kivuli cha mwezi kilitoka Amerika ya Kusini, kikavuka Atlantiki, kikaikata Afrika na kupita kusini mwa Ziwa Tanganyika, jua likielekea kutua. Waingereza walipeleka kundi moja Sobral, Brazil, na jingine kisiwa cha Principe, magharibi mwa Afrika, katika shamba la kakao. (Mashamba ya kisiwa hicho yalilimwa na vibarua waliochukuliwa Angola, habari zao ni nadra kusimuliwa pamoja na kisa hiki.) Kiongozi wa Principe alikuwa Arthur Eddington, mtu aliyepinga vita kwa imani ya dini yake, naye sasa alikuwa akiipima nadharia ya mtu wa Berlin, mji mkuu wa adui wa jana.

Asubuhi hiyo mvua kubwa ilinyesha. Jua lilipofunikwa, kwa dakika tano hivi, mawingu yalikuwa bado yanapita. Zilipigwa picha 16. Mbili tu ndizo zilizofaa, kila moja ikiwa na nyota tano. Zilipolinganishwa na picha za nyota zizo hizo zilizopigwa usiku, jua likiwa mbali nazo, Principe ilitoa sekunde 1.61. Darubini ndogo ya Sobral ilitoa 1.98. Matokeo yalitangazwa London tarehe 6 Novemba 1919.

Lakini Sobral ilikuwa na darubini nyingine, ambayo picha zake hazikuwa kali. Ilidhaniwa joto la jua liliharibu kioo chake. Yenyewe ilitoa 0.93, karibu na Newton, na wakuu wa kazi hiyo wakaiweka kando. Wapo waliowashuku kwamba walichagua jibu walilolipenda. Mwaka 1979 picha hizo hizo zilipimwa upya Uingereza kwa mitambo bora zaidi. Safari hii zilitoa 1.55.