Memori kadi ya bei poa: Usipigwe na kitu kizito Luthuli
Umepata kazi ya kupiga picha za harusi na doo ni kidogo? Tulia, kadi ya bei poa inatosha, bora ujue kusoma alama zake. Yenye imeandikwa 10 ndani ya C, ama 1 ndani ya U, haishuki chini ya MB 10 kwa sekunde. Kwa picha na video za Full HD, iko fiti. Unashuti 4K? Tafuta V30. Kamera ya kitambo yenye inakubali SDHC pekee, mwisho ni GB 32.

Ukiona GB 256 kwa bei ya chipsi, hiyo ni feki: itajaa mapema na picha zipotee. Ijaribu kwa kompyuta na H2testw, programu ya bure, kabla ya siku yenyewe. Bibi harusi hatarudi kanisani juu ya kadi yako.