Vimeng'enya vyazalisha umeme, ila si wa kuwasha taa Kimulot

MKULIMA wa Kimulot, Kaunti ya Bomet, anapofikisha mavuno yake katika kituo cha kununulia majani chai, majani hayo huwa ya kijani kibichi. Kufikia siku inayofuata, katika viwanda kama vile Mogogosiek na Kapset, huwa yamegeuka rangi ya shaba, kisha yakawa meusi. Hatua hiyo huitwa kuchacha, japo hamna chachu yoyote inayotiwa. Kazi yote hufanywa na kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lenyewe, polifenoli oksidesi.

Kimeng'enya cha jamii hiyo ndicho wanasayansi wa Grenoble, Ufaransa, walichotumia katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, walipozalisha umeme ndani ya mwili wa panya.

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali katika viumbe. Jani likiwa zima, kimeng'enya hiki hutengwa na polifenoli, kana kwamba viwili hivyo vimefungiwa vyumba tofauti. Mashine za kiwandani zinapolirarua jani, kuta hubomoka na hewa ikaingia. Hapo kimeng'enya hunyang'anya polifenoli elektroni na kuikabidhi oksijeni, nayo oksijeni ikawa maji.

Elektroni zinazosafiri ndizo umeme. Hata hivyo, ndani ya jani huruka tu kutoka molekuli moja hadi jirani yake, na hakuna waya wa kuzikusanya.

Betri ya vimeng'enya hutenganisha kazi hizo mbili. Upande mmja, kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi huchukua elektroni kutoka kwa sukari. Upande wa pili, kimeng'enya kingine huzikabidhi oksijeni. Kwa kuwa pande hizo zimeunganishwa kwa waya, elektroni hazina njia nyingine ila kupitia humo, na zikiwa safarini hufanya kazi.

Wazo hili si geni. Watafiti wa Marekani walionyesha betri ya aina hii mwaka wa 1964. Uzuri wake ni kwamba haihitaji madini ghali kama platini, na hufanya kazi katika joto la kawaida la mwili. Isitoshe, kila kimeng'enya huchagua chakula chake, hivyo sukari na oksijeni zaweza kuwa pamoja katika majimaji yale yale, mathalani damu.

Tatizo ni nguvu. Mwaka wa 2007, kampuni ya Sony ilionyesha betri ya sukari yenye upana wa milimita 39 kila upande, iliyotoa miliwati 50. Nne zilipounganishwa ziliweza kuendesha kifaa kidogo cha kusikilizia muziki. Kwa hesabu hiyo, taa moja ya wati 10 ingehitaji betri 200. Atakayewaahidi wakulima umeme wa nyumbani kwa njia hii aombwe kwanza aonyeshe mita yake.

Lakini kuna mahali ambapo umeme kidogo unatosha. Kifaa cha kusawazisha mapigo ya moyo huhitaji takriban maikrowati 10 pekee. Betri yake ikiisha baada ya miaka kadhaa, mgonjwa hulazimika kurudi kupasuliwa. Betri ya Grenoble ilifikia zaidi ya maikrowati 24 kwa kila mililita ya ujazo wake, ikitumia sukari ya mwili wa panya.

Nusu ya teknolojia hii tayari imo mikononi mwa wagonjwa wa kisukari. Kijikaratasi kinachotiwa tone la damu katika kifaa cha kupimia sukari kina kimeng'enya, aghalabu glukosi oksidesi hiyo hiyo. Kimeng'enya hicho huchukua elektroni za sukari, na mita husoma ukubwa wa mkondo wake. Kijikaratasi hicho hutumika mara moja na kutupwa, kwa hivyo uhai mfupi wa kimeng'enya si hoja.

Ndani ya kifua cha mtu, ni hoja kubwa. Vimeng'enya huchakaa, na joto huviharibu haraka. Kiwanda cha chai hutegemea jambo hilo hasa, kwani hewa moto ya kukaushia ndiyo hukomesha kuchacha. Kifaa cha moyo hutakiwa kudumu miaka mingi bila kuguswa. Watafiti wamejaribu kuvishikilia vimeng'enya ndani ya vineli vidogo mno vya kaboni ili visisambaratike, lakini kuvifanya vidumu miaka kadhaa mwilini bado ni kitendawili.