Jiwe la Mama Tola

Kuishi kwingi ni kuona mengi, na atembeaye huona zaidi. Ikitajwa Sweden, wengi wetu huku pwani hukumbuka theluji na baridi, basi. Lakini mpenzi msomaji, katika mji mdogo wa Mariefred, ulio kando ya ziwa Mälaren, nimeona kwa macho yangu dalili kwamba watu wa kule na nchi za Kiislamu walijuana tangu zamani sana.

Nilikwenda huko mwezi wa Juni kwa meli ya moshi iliyoundwa mwaka 1903, nayo jina lake ni lile lile la mji. Safari kutoka Stockholm yachukua saa tatu na nusu. Ziwa lenyewe ni maji matamu, limetulia, na limejaa visiwa vya misonobari. Miaka elfu moja iliyopita, zama za Waviking, hapa palikuwa ghuba ya bahari. Ardhi ya Sweden ililemewa na barafu nzito, na tangu barafu hiyo ilipoyeyuka ardhi inainuka polepole, hata bahari ikajitenga na ghuba ikageuka ziwa.

Mji wenyewe hauna makuu. Una nyumba za mbao, vichochoro vyembamba, na kanisa jeupe juu ya kilima. Jina lake maana yake ni Amani ya Maryamu, nalo latokana na nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1493. Mfalme Gustav Vasa aliwaondoa watawa, na mwaka 1537 akaanza kujenga kasri la Gripsholm, la matofali mekundu na minara minene ya mviringo. Humo mwanawe Erik alimfunga nduguye Johan mwaka 1563. Johan alipotwaa ufalme, naye akamfunga Erik katika kasri lile lile. Ama kweli, cheo huvunja udugu.

Ndani ya kasri kuna simba. Mwaka 1731 mtawala wa Algiers alimpelekea Mfalme Fredrik wa Kwanza simba hai kuwa zawadi, miaka miwili baada ya nchi hizo mbili kuandikiana mkataba wa amani. Simba alipokufa ngozi yake ilijazwa, na yasemekana fundi aliyeijaza hakuwahi kumwona simba. Macho yamekaribiana mno, ulimi umening'inia nje, na meno ni kama ya mwanadamu. Mtu aliyezaliwa nchi ya Tsavo hawezi kumtazama asicheke.

Lakini kicheko changu kiliisha nilipotoka nje. Kando ya njia ya kuingilia kasri limesimama jiwe kubwa, limechongwa nyoka, na mwilini mwa nyoka mmeandikwa maneno kwa hati za kale ziitwazo runi. Mama mmoja, jina lake Tola, alilisimamisha jiwe hilo kwa ajili ya mwanawe Harald, nduguye Ingvar. Laeleza kuwa vijana wale walikwenda mbali kutafuta dhahabu, wakafia kusini, katika nchi ya Serkland. Nchi hiyo ya Serkland ndivyo Waviking walivyoziita nchi za Waislamu.

Ingvar aliongoza msafara mkubwa uliopita mito ya Urusi kuelekea mashariki, na inasimuliwa kuwa alikufa mwaka 1041. Mawe zaidi ya 20 katika nchi ile, mengi yao karibu na Mälaren, yawataja watu waliokwenda naye wasirudi. Wala hawakuwa wa kwanza kuifuata njia hiyo. Mwaka 922 Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, alikutana na wafanyabiashara wa kabila la Rus kwenye mto Volga, akaandika habari zao. Fedha waliyokuwa wakiipata ilikuwa dirhamu. Mwaka 1999, katika kisiwa cha Gotland, ilichimbuliwa hazina yenye sarafu zaidi ya 14,000, karibu zote za Kiislamu.

Nilisimama mbele ya jiwe lile nikamfikiria Tola. Hakuwa na kaburi la kuzuru. Mama zetu wa Lamu na Mombasa wanaijua hali hiyo. Ni wangapi walioaga watoto wao wakipanda jahazi, wakahesabu misimu ya kusi na kaskazi, na habari isije?

Kesho yake nilizunguka mashamba. Nyumba za huko zimepakwa rangi nyekundu iliyotokana na machimbo ya shaba ya Falun. Sweden wana desturi, iliyotiwa katika katiba yao mwaka 1994, kuwa kila mtu ana ruhusa ya kupita katika msitu wa mwenziwe na kuchuma matunda ya porini na uyoga, mradi asikanyage mazao wala asiisogelee nyumba ya mtu. Nilikunywa kahawa kwa mkate mtamu uliojaa iliki. Iliki haioti kule, lakini wao hawaoni raha ya mkate bila iliki.

Jua lilitua baada ya saa nne za usiku, na kabla ya saa kumi za alfajiri lilikwisha chomoza. Weusi wa usiku haukuingia kabisa, na kwa ajili hiyo wanazuoni wamejadiliana sana juu ya wakati wa Isha katika nchi kama hizo. Mombasa kibla chetu ni kaskazini. Pale Mariefred nilielekea kusini mashariki, upande ule ule aliokuwa akiutazama Tola akimngojea mwanawe.

Jambo moja zaidi. Jiwe hilo lilikuwa limesahauliwa. Wajenzi walilitumia kama jiwe lolote, na mwanzoni mwa karne ya 19 lilionekana chini ya mnara wa kasri, limefanywa kizingiti, limepakwa lami. Ilipita zaidi ya miaka 100 ndipo likatolewa na kusimamishwa nje. Kwa karne nyingi watu walilikanyaga jina la Harald bila kujua.

Na sisi tuna mawe yetu. Kibla cha msikiti wa Kizimkazi kina maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, nayo yamehifadhiwa. Lakini makaburi mangapi ya wazee wetu pwani hii yamemomonyoka, na mawe yake yakachukuliwa kujengea kuta? Tusingoje wageni waje kutusomea majina ya babu zetu. Mwenye jiwe la ukoo wake na alisome leo, aliandike, na amfundishe mwanawe.