Vazi la Kinga na Joto Lililofungiwa Ndani

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kusema kwamba joto ni la kwetu, na aliyepanda bara ameshapumzika nalo. Juzi tulikwenda kumjulia hali jamaa yetu huko Kamenu, Thika, mji ulio kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, nasi tumerudi tumeyaacha maneno hayo.

Jamaa yetu hupiga dawa katika shamba la maua, ndani ya mabanda ya plastiki ambamo jua huingia na joto lisipate pa kutokea. Humo huvaa ovaroli isiyopenya maji, gambuti, glavu na barakoa. Mchana mmoja alianza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. "Sheikh," mkewe alitwambia, "wenzake walimvua lile vazi wakammwagia maji, ndipo akanijua jina."

Mwenyezi Mungu ameujaalia mwili kujipoza kwa jasho. Lakini kinachopoza hasa ni kukauka kwake juu ya ngozi. Vazi linalozuia dawa isiingie huzuia na mvuke usitoke. Jasho hububujika bila kukauka, na maji ya mwili hupotea bure. Joto la mwili, ambalo kwa desturi ni nyuzi 37, likifika 40 na mtu akababaika maneno, hapo si pa kungoja kesho, ni hospitali. Kabla ya gari kufika, apelekwe kivulini, avuliwe, amwagiwe maji na apepewe. Aliyepotewa na fahamu asinyweshwe kitu. Daktari naye aambiwe kwamba mgonjwa alikuwa akipiga dawa, maana sumu ya baadhi ya dawa za wadudu huleta jasho, maumivu ya kichwa na kichefuchefu vilevile.

Je, vazi liachwe? Hasha. Ngozi yenye joto na jasho hunyonya sumu kwa wepesi zaidi. Lililo la kupunguzwa ni muda. Wauguzi wa Ebola kule Afrika Magharibi mwaka 2014, waliojifunika mwili mzima, hawakukaa wodini zaidi ya saa moja hivi kwa mara moja. Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, kazi za juani husimamishwa miezi ya Juni hadi Agosti, tangu saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana. Iweje basi mpiga dawa wa Thika aingizwe bandani saa saba? Aingie asubuhi na mapema, atoke kila baada ya muda, anawe, anywe kikombe cha maji kila dakika 15 au 20. Mgeni wa kazi azoezwe kwa wiki moja au mbili.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kutoa vazi la kinga na maji ya kunywa, na yampa mfanyakazi haki ya kuripoti hatari kubwa na kutorudishwa humo kabla haijaondolewa. Nao mama zetu wanaovaa ovaroli juu ya buibui, sitara hupatikana pia kwa pamba nyepesi. Na katika Ramadhani, aliyechelea madhara ya kweli kwa kazi isiyoepukika ana ruhusa ya kufungua, kisha akalipa.

Jamaa yetu amerudi kazini. Mkewe humfungia dumu la lita tano kila alfajiri. Msimamizi bado hajakubali kubadilisha saa.